Shela la Urambo

Tulikuwa tunapeleka nguo za bi harusi Urambo, njia ileile ya misafara ya zamani kwenda Ujiji, kwa Subaru yetu ya turbo. Kufika Tabora mjini, gari likagoma kuvuta. Ukikanyaga mafuta linasitasita, ukisimama mlio unapanda na kushuka. Nikaha kesho yake, na shela tunalo sisi!

Fundi wa kwanza akasema turbo imekufa, tununue nyingine. Pesa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya vitambaa vya mabibi harusi watatu. Tukamshukuru, tukaondoka.

Mzee mmoja chini ya mwembe hakufungua kitu. "Nyamazeni kwanza wanangu, tusikilize." Kulikuwa na mluzi. Akanyunyizia maji kidogo kidogo juu ya mipira, mmoja baada ya mwingine, mpaka mlio ukabadilika. Mpira mwembamba wa vakyumu, umekauka kwa joto na kupasuka karibu na kibanio, unaingiza hewa ambayo injini haikuipima. Ufa wenyewe mdogo kuliko tundu la kifungo. Akaweka mpira mpya, akatutoza elfu kumi.

Urambo tuliingia baada ya Isha. Bi harusi alikuwa mlangoni, piko bado bichi mikononi, hawezi hata kulishika shela lake.