Mwalimu wa Kupumzika

Alipojiandikisha kusomea ualimu wa yoga ya kupumzisha mwili, jamaa zake walimcheka. Ati mtu alipe karo ili afunzwe kulala? Hakuwa na jibu. Hata yeye alidhani kazi hiyo ingekuwa nyepesi kuliko kusimama mbele ya darasa la nane, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja.

Yoga ya aina hii ina mizizi katika mafunzo ya B.K.S. Iyengar (1918–2014) wa Pune, India, aliyewaegemeza wanafunzi wake kwenye viti, kamba na mablanketi. Mwanafunzi wake Mmarekani, Judith Hanson Lasater, aliiendeleza na kuiandikia kitabu mwaka 1995. Mikao yake ni michache, na mtu hukaa katika kila mmoja dakika tano hadi ishirini, misuli isifanye kazi yoyote.

Alijifunza kwamba shingo isiyowekewa blanketi lililokunjwa vyema hukisukuma kidevu juu, na kwamba magoti yasipopata mto, kiuno hakichelewi kulalamika. Hayo aliyamudu. Kilichomshinda ni kunyamaza. Mwalimu wa shule huogopa kimya. Hukijaza kwa maswali.

Kisha ikaja siku ya kufundisha, katika ukumbi wa mtaa mmoja jijini Nairobi, kwa mito ya kitandani na leso zilizoviringwa. Yeye alisomeshwa kwa Kiingereza. Wanafunzi wake walikuwa akina mama wa Kiswahili. Mkao wa mwisho huitwa savasana: kwa Kisanskriti, shava ni maiti, na asana ni kikao. Akatafsiri kwa uaminifu wote.

“Sasa tulale mkao wa maiti.”

Mama mmoja aliketi, akajifunga leso. Alikuwa amemzika mumewe miezi miwili iliyotangulia.

“Mwanangu, maiti nimemwona juzi. Sikuja hapa kumwiga.” Akatoka.

Tafsiri sahihi yaweza kuwa kosa kubwa. Usiku huo alitafuta neno jingine, akaliona “pumzika”, ndugu wa “pumua” na “pumzi”. Lilimfurahisha, hadi alipokumbuka kuwa ndilo neno lile lile waombolezaji wamwambialo marehemu. Akaamua kutoupa mkao huo jina lolote.

Aidha, aligundua kwamba amri haifai. Akisema “Legezeni mabega!” mabega hukakamaa, kana kwamba mkaguzi ameingia darasani. Akasema, “Mabega na yalegee,” akakifanya kiungo kuwa kiima na kumwacha mwenyewe nje ya sentensi. Mwanaisimu angedai ushahidi. Ushahidi ulikuwa mabegani.

Wiki ya tatu yule mama alirudi, asieleze lolote.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Chali silali.”

Alimlaza kwa ubavu, uso ukielekea mlangoni, akamwekea mto katikati ya magoti na mwingine wa kukumbatia, akamfunika blanketi. Kisha akaketi kando yake na, kwa mara ya kwanza tangu aanze kufundisha, hakusema neno.

Dakika ishirini zilipotimia, wenzake waliinuka mmoja mmoja, wakakunja leso zao. Yeye alikuwa amezama usingizini, mkono umeukamata mto. Mwalimu akanyata hadi nje kumwomba bawabu asifunge ukumbi kwanza.