Lubumbashi mpaka Likasi kwa skuta



Sokoni na kwenye mikutano yetu swali linarudi: je, skuta inaweza kumfikisha mama Likasi, ao ni chombo cha kuzungukia mjini tu? Wenzetu wanaouza maliputa wanataka kujua, kwa sababu nafasi ndani ya basi inalipwa, mzigo unalipwa tena, na siku nzima inakwisha kwa kungoja. Tulikwenda watatu, kila mmoja na skuta yake ya 150, yaani yenye injini ya sentimita za ujazo 150. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza tujue chombo chenyewe. Vespa ya kwanza ilitoka Italia mwaka 1946, vita vilipokwisha. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa injinia wa ndege asiyependa pikipiki. Akaacha nafasi wazi mbele ya kiti ili hata aliyevaa sketi apande bila kurusha mguu juu. Kwa sisi wenye liputa hiyo ni heshima na usalama pamoja. Skuta nyingi za leo hazina gia za kubadilisha kwa mguu: unaongeza moto kwa mkono, inakwenda. Chini ya kiti kuna sanduku, na miguu ina pa kutulia. Lakini magurudumu yake ni madogo kuliko ya pikipiki za manseba wetu wa taksi-moto. Shimo ambalo manseba analipita akiimba, sisi linatuangusha.

Mjini tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka Katuba. Saa hiyo Lubumbashi bado inapumua. Wanafunzi wenye mashati meupe wako pembeni, wamama wa mikate wanapanga meza, na bomba refu la kiwanda linasimama juu ya mlima mweusi wa masalio ya shaba. Hapa skuta ni malkia. Inapita penye foleni, inasimama mbele ya duka bila kutafuta pa kuegesha. Hatari ya mjini ni milango ya taksi-basi inayofunguka ghafla, dodani zisizopakwa rangi, na watu wanaokuja upande usio wao. Tunakwenda polepole, vidole viko juu ya breki zote mbili, macho yako mbele ya gari lililo mbele.

Nje ya mji njia ya Likasi inageuka kitu kingine. Ni sehemu ya barabara ya taifa namba 1, lami, karibu kilomita 120. Msitu wa miombo uko huku na huku, na vichuguu vyekundu vinapita urefu wa nyumba. Wanaume wanasukuma kinga zilizobeba magunia ya makala, wakielekea mjini tunakotoka sisi. Kisha kamio zinaanza: zenye shaba, zenye kobalti, na matanki ya asidi yanayokwenda migodini upande wa Likasi na Kolwezi.

Kamio inapokuja mbele yako, upepo wake unafika baada yake, na unakupiga kifuani. Ukikaza mikono skuta inayumba. Tulegeze mabega, tuinamishe kifua kidogo, tusipunguze mwendo kwa ghafla. Ukiwa nyuma ya kamio, kaa mbali mpaka uone vioo vyake, maana usipoviona, naye dereva hakuoni.

Kuna jambo moja la Katanga ambalo kila mama alijue. Sisi tunaendesha upande wa kuume, lakini magari mengi hapa yametoka Japani kupitia Dar es Salaam, usukani wake uko kuume pia. Dereva akitaka kupita kamio hawezi kuona mpaka atoe nusu ya gari katikati ya njia. Karibu na Luisha gari moja lilifanya hivyo mbele yetu. Mwenzetu wa kwanza alikuwa amekaa mbali na mstari wa katikati, taa inawaka ingawa ni mchana, akapata nafasi ya kusogea pembeni. Tulisimama wote, tukanywa maji, hatukusema kitu kwa muda.

Mwendo wetu ulikuwa kilomita 60 kwa saa, mara chache 70. Skuta ya 150 inaweza zaidi, ila lazima ubakize nguvu ya kukimbia hatari. Kwa kila kilomita 100 ilikula lita 2 na nusu hadi 3 za esansi. Pamoja na kupumzika tulitumia saa tatu. Likasi inakupokea kwa vilima vyake na vijana wanaouza malakiti, jiwe la kijani la nchi yetu. Wenzetu walikuwa wameshapika bukari na samaki wa Kapolowe.

Maliputa yaliuzwa mpaka saa tisa na nusu. Hapo ukaja mjadala. Mmoja wetu alikuwa na mtoto mwenye homa nyumbani, na moyo wake ulikwisha kurudi. Tulihesabu: saa tatu za njia, na hapa jua linazama karibu saa kumi na mbili. Nusu saa ya mwisho ingekuwa gizani, kati ya kamio zisizo na taa za nyuma na kinga zisizo na taa kabisa. Tulipiga simu. Mama mkwe wake alisema: « Binti yangu, mtoto amekunywa dawa, amelala. Anakutaka kesho uzima, hakutaki leo maiti. » Tulilala Likasi. Alfajiri tukatoka, na saa tatu asubuhi mtoto alikuwa mikononi mwa mama yake, homa imeshuka.

Basi jibu letu kwa wenye kuuliza ni hili. Skuta inafika Likasi, kwa mama aliyekwisha kuendesha mjini miezi mingi, mwenye permi na karatasi zake. Aende na wenzake, wakati wa kiangazi, mchana tu. Apime upepo wa pine kabla ya kutoka. Avae suruali chini ya liputa na afunge ncha zake, zisiingie kwenye gurudumu. Mzigo uwe chini na usipite mabega. Kaske ifungwe kidevuni: Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kaske inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70, lakini ile iliyotundikwa kwenye mkono hailindi kitu. Na mtoto mchanga wa mgongoni abaki nyumbani, hata kama ni safari ya karibu, kwa kuwa hakuna kaske ya kichwa chake.

Kwa wanaosema skuta si ya mwanamke: waulizeni nani analipa masomo ya watoto.

Wanaotaka kujifunza, tuonane baada ya mkutano wa wiki ijayo. Tutaanzia uwanjani, si barabarani.