Mkomani, Nyuma ya Njia Kuu

Mgeni anayeshuka gatini Lamu mara nyingi huona ukingo wa mji tu. Hutembea ufukoni, hupiga picha za majahazi na punda, huingia Ngomeni, hununua kofia katika Njia Kuu ambayo wenyeji huiita Usita wa Mui, kisha hurejea hotelini akiamini kuwa amekwisha kuiona Lamu. Hata sisi watu wa pwani, tunapokwenda kwa Maulidi, hufanya vivyo hivyo.

Msomaji wetu akijaaliwa kufika, na atenge saa moja baada ya swala ya Alasiri, aiache Njia Kuu na kuingia Mkomani, upande wa kaskazini wa mji. Huko vichochoro ni vyembamba. Punda mwenye mzigo akipita, mtu hujibana ukutani. Zogo la soko hukatika, zikabaki sauti za watoto wanaosoma chuoni. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nyingi zimesimama tangu karne ya 18, na upande wa njiani madirisha ni machache.

Sababu yake inajulikana kwa mpango wa nyumba. Mbele ya mlango kuna daka, lenye baraza za mawe pande mbili. Hapo bwana wa nyumba hupokea wageni, huzungumza biashara na kusuluhisha ugomvi. Nyuma ya mlango kuna tekani, ukumbi mdogo uliopindishwa makusudi ili mlango ukiwa wazi, jicho la mpitanjia liishie ukutani. Hufuata kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa, unaoleta mwanga na hewa. Kisha misana miwili. Kisha chumba kiitwacho ndani, makazi ya mama wa nyumba, palipopambwa kwa zidaka za chokaa iliyochongwa. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari hazivuki upana mkubwa. Msalani mna birika la maji, na ndani yake samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Kila hatua unayoingia, stara huzidi, na hakuna anayehitaji kuambiwa mahali pa kukomea.

Ukiinua macho kichochoroni, utaona chumba kilichovuka juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba. Chumba hicho huitwa wikio. Kwa kupitia humo, wanawake wa jamaa moja waliweza kutembeleana, kuuguzana na kupelekeana chakula bila kushuka njiani.

Desturi ya waungwana wa Lamu ilikuwa kumpa binti nyumba anapoolewa, naye mume akahamia kwa mkewe. Baba mwenye mabinti kadhaa aliongeza ghorofa au alijenga kando, kisha akaziunganisha nyumba. Kwa hiyo tunapozitazama kuta za Mkomani, tunatazama mali ya mama na bibi zetu.

Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji wa kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hadhi hiyo husaidia kuzilinda kuta, lakini nyumba hukaliwa na watu. Kwa miongo kadhaa sasa, nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni wa mbali ambao huja kwa majuma machache. Wengi wao huzitengeneza vizuri, ila daka hubaki tupu na wikio halina wa kulivuka. Nyingine zimeachwa mpaka dari zikaanguka.

Sababu si uhitaji peke yake. Bibi hufariki, mirathi isigawanywe. Watoto wake nao hufariki, warithi wakawa watu ishirini waliotawanyika Mombasa, Malindi na Ughaibuni. Boriti ikioza, kila mmoja humngoja mwenziwe. Mnunuzi akitokea, kuuza huwa ndiyo njia nyepesi, na mara nyingi fungu la dada huwa la mwisho kukumbukwa, ilhali Sura ya An-Nisaa imeliweka wazi.

Dawa tunayo katika dini yetu. Mirathi igawanywe mapema, na mwanamke asionewe haya kudai haki yake. Mrithi mwenye uwezo awanunulie wenziwe mafungu yao. Na mwenye nyumba, angali hai na mzima, anaweza kuiweka wakfu kwa dhuria wake, kwani mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Ofisi ya kadhi na Tume ya Wakfu zipo kwa mashauri hayo.

Wapelekeni watoto Mkomani likizo ijayo. Wafundisheni kupiga hodi, kutompiga mtu picha bila ruhusa, na kuwasalimia wazee waketio madakani. Waonyesheni wikio, kisha waulizeni nyumba ya bibi yao i wapi, na nani anayeitunza. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzihifadhi amana tulizoachiwa. Amin.