Maji ya Simbilisi

Kwetu Kivu ya Kusini simbilisi hafugwi ili apendwe. Anakaa jikoni, anakula majani na maganda, anazaa haraka, na siku mgeni akija anaingia chunguni. Vita vilipofika tulimwonea faida nyingine. Waliopita kijijini walichukua ng'ombe, mbuzi na kuku, lakini simbilisi walijibanza chini ya kitanda na hakuna aliyewaona. Ndiyo maana hata hapa Nakivale, ukipita kwenye nyumba za Wakongo, utawasikia wakilia wii-wii nyuma ya mlango.

Wa kwetu ni jike mmoja, na cheo chake nyumbani bado kina mgogoro. Mama yangu anamwita mboga. Binti yangu, mwenye miaka 9, amempa jina, na hataki kusikia neno mboga likitajwa karibu na sanduku lake.

Mgogoro huo tungeuvumilia. Uliotuchoma ni wa maji.

Wanaoishi hapa wanajua jinsi kiangazi kilivyo, Juni mpaka Agosti. Vidumu vinapangwa kwenye bomba kabla ya jua kutoka, kila kimoja na alama yake, na mwenyewe anakaa kivulini akikilinda kwa macho. Ndugu wa mashirika wanakijua kiwango cha Sphere: angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Sisi tuko wanne. Hiyo ni lita 60, yaani vidumu vitatu vya lita 20. Kuna siku tunapata vitatu, kuna siku tunarudi na viwili. Siku ya viwili mama yangu anagawa kwa kikombe, na hakuna anayebishana naye.

Siku moja ya viwili, mama mmoja nyuma yetu kwenye foleni alimsikia binti yangu akisema kwamba kikombe chake cha jioni atampa simbilisi. Akanigeukia: "Papa, watu wanakosa maji ya kunywa, nyinyi munapatia panya?"

Watu wakacheka. Binti yangu akainamisha kichwa. Nami sikuwa na jibu, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Yule mama ana watoto watano na vidumu viwili.

Tulipofika nyumbani nikamwambia mtoto: twende tupime. Tulichukua chupa ya soda ya mililita 300. Kila asubuhi aliijaza, kila alipoongeza maji kwenye chombo cha mnyama aliandika mstari kwa mkaa ukutani. Tulifanya hivyo wiki nzima.

Simbilisi mzima hanywi maji mengi. Akila vitu vikavu anaweza kufika mililita 100 hivi kwa siku, na akipata majani mabichi ananywa kidogo zaidi, kwa sababu majani yenyewe yana maji. Hiyo ni theluthi moja ya chupa yetu. Lakini mistari ya ukutani ilikuwa mitatu, siku nyingine minne. Chupa tatu, karibu lita nzima! Maji mengine yalikuwa wapi? Yalikuwa chini, kwenye udongo wa sanduku, ndiyo maana majani ya kulalia yalikuwa yananuka.

Basi aliyekuwa akinywa maji yetu si mnyama. Ni chombo.

Chombo chenyewe kilikuwa kifuniko cha kopo la rangi. Simbilisi anapenda kuweka miguu ya mbele juu ya ukingo anapokunywa, na kifuniko chepesi kinabinuka mara moja. Mtoto alijaribu kopo la samaki: ni fupi, lakini nalo jepesi, na ukingo wake unakata kama wembe. Alijaribu bakuli la plastiki: likatafunwa, maana meno ya simbilisi hayaachi kukua na kila kitu kwake ni cha kutafuna. Dada mmoja wa shirika aliyetutembelea akatuonyesha kwenye simu chupa za kuning'inizwa, zenye kimrija cha chuma na kigololi mdomoni. Nzuri sana. Ila kwa bei yake sisi tunanunua sabuni.

Mama yangu, ambaye alikuwa ametusikiliza muda wote akichambua maharage, akasema: "Kitu kizito. Kule kwetu tulikuwa tunawawekea kigae."

Kigae ni kitako cha chungu kilichovunjika. Hapa kwetu tunapikia sufuria, vigae hakuna. Lakini jirani alikuwa amejenga choo, na saruji, au sima kama tunavyosema, ilibaki kidogo chini ya mfuko. Tulifanya hivi, na wewe unaweza kufanya.

Kata kitako cha kidumu cha mafuta cha lita 5, kimo cha vidole vinne. Changanya kikombe kimoja cha saruji na vikombe vitatu vya mchanga safi, ongeza maji kidogo kidogo mpaka ushike kama ugali. Jaza kitakoni vidole vitatu. Chukua bakuli dogo, lifunge kwa mfuko wa plastiki, lipake mafuta kidogo nje, ulikandamize katikati mpaka libaki shimo la vidole viwili tu. Weka kivulini, funika kwa gunia ulilolilowesha kwa maji ya kufulia, na uliloweshe kila siku kwa wiki moja. Saruji ikikauka haraka inapasuka. Ukishatoa bakuli na kukata plastiki ya nje, jaza maji shimoni, yamwage kesho yake, rudia siku kadhaa. Maji ya kwanza ya saruji mpya ni makali, hayafai kunywewa na kiumbe. Sisi tuliyamwaga chooni.

Kwa nini vidole viwili tu? Kwa sababu simbilisi hazaliwi kipofu kama panya. Anatoka na manyoya, macho wazi, na muda mfupi tu anakimbia. Wetu alikutana na dume la jirani, akazaa wawili, na siku hiyohiyo walikuwa wanapanda juu ya chombo. Kwenye shimo refu mtoto wa simbilisi angezama, au angetoka ameloa na baridi ya usiku ingemmaliza.

Chombo tulikiweka juu ya jiwe bapa, mbali na kona ya kulalia, ili takataka zisiingie. Kila asubuhi mtoto anakisugua kwa mchanga na kukisuuza. Mistari ya mkaa imebaki mmoja kwa siku, na mara nyingi chupa haiishi.

Siku ya bomba kukauka kabisa tumekubaliana utaratibu: watu kwanza. Simbilisi anapata majani mabichi ya viazi vitamu na kipande cha mgomba, ambao una maji mengi ndani. Mtoto mwenyewe ndiye aliyependekeza. Alipoona kwamba mnyama wake hatasahauliwa, aliacha kuficha maji ya kikombe chake. Hilo kwangu ni kubwa kuliko lita zote tulizookoa. Kwa miezi mingi nilikuwa na mtoto anayelala na kiu kwa siri, na nisingejua kama yule mama wa foleni hangesema.

Nilimpelekea habari ya vipimo vyetu. Alinisikiliza, akauliza, "Kweli anakunywa kiasi hicho tu?" Halafu akasema maji ya bomba ni ya watu, na maneno yake hayajabadilika. Simlaumu. Mahali ambapo vidumu vinahesabiwa, mwenye kufuga lazima ajue anachotumia, na akiulizwa awe na jibu.

Wiki iliyopita alimtuma kijana wake kuazima kile kitako cha kidumu. Ana vifaranga wa bata sita.