Geti la Umeme Halina Macho



Ndugu wasomaji, mama zangu na dada zangu, katika mitaa yetu ya Mombasa, Mtwapa na Malindi mageti yanayofunguka kwa mota yamekuwa mengi. Zamani yalikuwa ya mahoteli na mabenki. Leo yamo katika nyumba za watu wa kadiri, na katika majumba ya ghorofa ambamo familia nyingi huingilia geti moja. Mara nyingi baba ndiye anayepatana bei na fundi, kisha huenda zake kazini. Wanaobaki na geti hilo mchana kutwa ni akina mama, wasaidizi wa nyumbani na watoto. Kwa ajili yao nimependa leo kueleza tuliyoyaona nyumbani kwetu siku ilipofungwa mota, na mambo ambayo kila mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza fundi kabla hajamlipa.

Kwetu haja ilikuwa ya kweli. Binti yetu ni muuguzi, na zamu zake humrudisha nyumbani saa saba au saa nane za usiku. Mzee aliyekuwa akitulindia geti alirejea kwao kijijini kwa sababu ya utu uzima. Basi binti alikuwa akishuka garini gizani, akisukuma chuma cha urefu wa mita 4, akiingiza gari, kisha akirudi kufunga. Mama yake alikuwa halali mpaka asikie komeo limeingia. Tukashauriana, tukaona mota itatupunguzia khofu hiyo.

Kazi yenyewe si ya ajabu, na inafaa ieleweke. Mota huketi chini, upande wa ndani, juu ya kitako cha zege. Ina gurudumu dogo la meno. Ubavuni mwa geti hufungwa ufito mrefu wa meno, vipande vya mita moja moja vilivyounganishwa. Gurudumu likizunguka, meno yake hushikana na meno ya ufito, na geti likateleza juu ya reli. Kati ya meno hayo huachwa nafasi ndogo, milimita 1 au 2, ili uzito wa geti ubaki juu ya reli wala usiielemee mota. Ufito ukilala moja kwa moja juu ya gurudumu, mota hubeba mzigo usio wake, na haidumu.

Nyaya hupita ndani ya mabomba ya plastiki yaliyozikwa kabla zege halijamwagwa: bomba moja la umeme mkubwa wa volti 240, na jingine la nyaya ndogo za sensa na kengele. Hazichanganywi. Umeme wa geti huwekewa swichi yake peke yake, ya aina inayojikata umeme unapovuja, na waya wa kutuliza umeme ardhini. Geti ni chuma, linashikwa na mikono mitupu, na masika ya pwani huacha madimbwi pale pale watu wanapokanyaga. Jambo hili si la kubania pesa.

Fundi wetu alikuwa kijana mwenye bidii na mkono mwepesi. Siku ya pili zege lilipokwisha kukauka alifunga mota, akapanga mahali pa geti kusimama likifunguka na likifunga, akabonyeza rimoti. Geti likaenda na kurudi, na sote tukafurahi. Mke wangu alikuwa amesimama barazani. Akateremka, akamwendea.

“Mwanangu, na mtoto akiwa hapo katikati?”

“Litasimama lenyewe, mama. Likigusa kitu linarudi nyuma.”

“Haya, tuoneshe.”

Akamwagiza mjukuu alete dumu tupu la plastiki, la lita 20, likasimamishwa karibu na nguzo. Fundi akabonyeza. Geti likaja kwa mwendo wake ule ule, likalifikia dumu, likaliburura mpaka nguzoni, na dumu likabonyea na kupasuka kabla geti halijarudi nyuma. Hakuna aliyesema neno. Mjukuu wetu, mwenye umri wa miaka 5, alikuwa akilitazama dumu lile.

Fundi aliinamisha kichwa. “Mama,” akasema, “nimeongeza nguvu kwa sababu geti ni zito. Nikipunguza, linakwama njiani.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Ndani ya mota mna mahali pa kuongeza na kupunguza nguvu. Geti likiwa gumu, njia nyepesi ni kuongeza nguvu mpaka liende, na mwenye nyumba akiliona linakwenda huridhika. Lakini mota haina macho. Kipingamizi inachokijua ni kimoja tu: kitu kinanizuia. Haiwezi kupambanua mchanga uliojaa relini na kifua cha mtoto. Nguvu iliyowekwa ili ishinde mchanga ndiyo nguvu itakayotumika juu ya kifua.

Mke wangu hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kazi haijesha, na pesa zilizobaki zitamngoja. Kesho yake fundi alirudi, akaiachia mota kwa ufunguo ili geti liwe huru, na tukalisukuma kwa mikono. Wanaume wawili tulitokwa na jasho. Magurudumu ya chini yalikuwa yameliwa na kutu, kwani chumvi ya bahari haina mchezo na chuma. Reli ilikuwa imepinda mahali pamoja kwa kukanyagwa na malori ya mchanga wakati wa ujenzi, na kando zake ziliziba kwa michanga na majani. Zikabadilishwa roli, reli ikanyoshwa na kuinuliwa kidogo juu ya zege ili maji na mchanga visitue. Kazi ilipokwisha, mke wangu alilisukuma geti kwa mkono mmoja. Hapo ndipo nguvu ya mota ilipopunguzwa, na dumu la pili likaletwa. Geti lililigusa, dumu likayumba, geti likasimama na kurudi. Dumu hilo tunalichotea maji hadi leo.

Kwa hivyo, dada zangu, sharti la kwanza ni hili: geti lisiwekwe mota mpaka liende kwa urahisi kwa mkono wa mwanamke mmoja. Fundi akikwambia geti ni gumu lakini mota itaweza, mwambie atengeneze geti kwanza.

Asiseme mtu kwamba haya ni wasiwasi wa bibi mwenye wajukuu. Mwaka 2010, huko Uingereza, nchi yenye sheria na wakaguzi, wasichana wawili wadogo, mmoja wa miaka 6 mjini Manchester na mwingine wa miaka 5 huko Bridgend, Wales, walibanwa na mageti ya umeme wakafa, na kati ya msiba mmoja na mwingine haikupita wiki moja. Kesi ya Bridgend ilifika mahakamani, na mwaka 2014 kampuni mbili zikatozwa faini. Faini haikumrejesha mtoto. Katika viwango vya Ulaya, geti likiwa limebakisha nafasi isiyozidi sentimita 50 kabla ya kufunga, nguvu yake ya kugonga haitakiwi kupita nyutoni 400, yaani kama uzito wa kilo 40 hivi, na hata hiyo kwa muda usiofika sekunde moja. Mafundi wenye kipimo maalumu cha nguvu hiyo wapo, na ukimpata mmoja wao ni bora. Usipompata, dumu tupu litakupa dalili.

Sharti la pili ni sensa. Hizi ni jozi ya vijidude vinavyofungwa huku na huku ya njia, kiasi cha nusu mita kutoka ardhini. Kimoja hutoa mwali usioonekana, cha pili huupokea. Mwali ukikatwa wakati geti linafunga, geti husimama na kurudi kabla halijamgusa mtu. Mafundi wengi huziuza mbali, kama pambo la ziada, na mnunuzi akitaka kupunguza gharama huanza kwazo. Nasihi yangu ni kwamba nyumba yenye mtoto haina ziada hiyo. Pia sensa si badala ya nguvu ndogo, kwa sababu mtoto aliyelala chini au aliyejibanza nguzoni huenda mwali usimwone. Vinahitajika vyote viwili.

Sharti la tatu ni kutazama geti linapofunguka. Watu wengi huogopa upande wa kufunga tu. Geti la reli likifunguka, mkia wake hupita ukutani, na baina ya mkia na nguzo pana nafasi ambayo mtoto anayecheza kujificha huipenda. Na ikiwa geti ni la fito zilizo wazi, mtoto huingiza mkono ili akamate kitu upande wa pili, na geti likianza kwenda huuvuta mkono mpaka kwenye nguzo. Sisi tulifunika fito kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, na nafasi ya mkiani tukaiziba kwa ukuta mfupi.

Sharti la nne ni vizuizi vya mwisho. Geti la chuma la mita 4 huweza kufikia kilo 300. Swichi ya mota ikiharibika na geti likapita mwisho wa reli, humwangukia aliye karibu. Kwa hivyo kila mwisho wa reli uwe na chuma kinene kilichoshikwa na zege, na juu pawe na roli zinazolizuia lisilale upande. Vizuizi hivi vinahitajika hata kwa geti lisilo na mota.

Halafu liko suala la umeme kukatika. Mota nyingi huweza kuwekewa betri, nayo hutosha kufungua na kufunga mara kadhaa. Lakini betri nayo huchoka, na moto hauchagui saa ya kuzuka. Kila mota ina ufunguo wa kuiachia ili geti lisukumwe kwa mkono. Waulize walio nyumbani mwako sasa hivi: ufunguo huo uko wapi, na nani anajua kuuzungusha? Ikiwa jibu ni “baba anajua,” na baba yuko kazini, basi geti limekuwa kifungo. Kwetu ufunguo unaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na mke wangu, binti zetu na dada anayetusaidia kazi wote wameshaufungua wenyewe mbele ya fundi, kila mmoja kwa mkono wake.

Jambo la mwisho ni la adabu. Sisi watu wa pwani tumelelewa juu ya hodi. Dini yetu imetufundisha kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na wazee wetu wa Lamu walijenga daka mlangoni ili mgeni angoje kwa heshima, bila ya kuona ya ndani. Rimoti huondoa ngojea hiyo. Mwenye rimoti hujitokeza uani ghafla, na mama mwenye nyumba yuko kichwa wazi akianika nguo. Tumekubaliana kwetu kwamba hata mwenye rimoti hupiga honi kwanza, na shemeji au mkwe hupiga kengele hata kama rimoti anayo. Aidha, hakuna anayebonyeza akiwa chumbani au juu ghorofani mahali asipoliona geti. Rimoti haichezewi na watoto. Na rimoti ikipotea, fundi huitwa aifute kwenye mota, kama tunavyobadilisha kitasa ufunguo ukiibwa.

Baada ya hayo yote, geti bado linahitaji kuangaliwa. Mchanga hurudi relini, mijusi na sisimizi huingia ndani ya mota na kuharibu mitambo, kutu haipumziki. Kila mwanzo wa mwezi sisi hufagia reli, hupangusa sensa kwa kitambaa, hulisukuma geti kwa mkono, kisha huweka dumu njiani na kubonyeza. Kazi nzima haifiki robo saa. Siku geti litakapokataa kurudi, mota itazimwa kwenye swichi na geti litasukumwa kwa mkono mpaka fundi aje.

Nanyi mnaoishi katika majumba ya ghorofa, msiseme geti ni la mwenye jengo. Watoto wanaopita hapo ni wenu. Nendeni kwake akina mama kadhaa pamoja, kwa heshima, mkachukue na dumu. Akikwambieni kwamba geti lake ni salama, mwambieni kama mke wangu alivyomwambia fundi: “Haya, tuoneshe.”

Wabillahi tawfiq.