Jina Lisiloandikwa

Mdogo wangu aliifanya kazi ya kubuni majengo kwa muda wa miaka 14 katika mji wa Dar es Salaam. Baba yetu, aliyekuwa fundi mwashi, hakuwa na fahari kubwa kuliko kumwonyesha mgeni nyumba na kusema kuwa imetoka katika mkono wa mwanawe. Mwaka 2019 mdogo wangu aliacha ofisi ya ubunifu akaajiriwa na mwendelezaji wa milki kuwa mratibu wa michoro. Nilikasirika. Mbele ya baba nilimwambia kwamba ameiuza kalamu yake kwa mfanyabiashara. Hakunijibu. Baba alifariki dunia mwaka 2021, na neno langu lilikuwa bado halijafutwa.

Mwaka uliofuata alinialika kiwanjani kwake. Palikuwa panajengwa fleti 30, kila moja na hati yake, kama sheria ya mwaka 2008 inavyoruhusu. Juu ya meza palitandazwa michoro mitatu ya jengo lile: wa mbunifu, wa mhandisi wa miundo, na wa mhandisi wa maji. Kila mmoja ulikuwa mzuri peke yake. Aliipandanisha, kisha akanionyesha mahali ambapo bomba la maji machafu lilipita katikati ya boriti.

"Kaka," alisema, "hapa hakuna mwongo. Kila mmoja amesema kweli yake, ila hawakusikilizana. Zege likimwagwa leo, kesho fundi atalitoboa na nondo zitakatwa."

Neno boriti lilinikumbusha majumba ya mawe ya pwani. Wazee walitumia boriti za mikoko, na kwa kuwa miti hiyo haikuweza kubeba dari pana, upana wa chumba aghalabu haukuzidi kiasi cha mita 3. Mti wenyewe ulimpatanisha mwashi, seremala na mwenye nyumba. Zege na chuma vimeuondoa mpaka ule. Wajuzi wamekuwa wengi, na upatanisho umekuwa kazi ya mtu.

Nilimwuliza kama haoni uchungu. Alikiri kuwa huuona. Tajiri akitaka kupunguza madirisha ili aokoe gharama, yeye ndiye anayetumwa kumwarifu mbunifu, mwenziwe wa zamani. Pengine huyatetea akashinda, pengine hushindwa. Jina lake halisomwi kama la mbunifu katika mchoro wowote.

Mimi ninayesahihisha maandishi ya wanafunzi nilistahili kulijua jambo hili mapema. Sentensi njema hazifanyi insha njema mpaka zipatanishwe, na aghalabu msomaji hamjui aliyezipatanisha. Nilimwomba radhi mdogo wangu pale pale, naye akanisamehe. Walakini neno nililolisema mbele ya baba sina tena mahali pa kulirudisha.