Pasaka Yetu Katika Mji wa Braga

Wazee wetu walinena, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili tumewafundisha watoto darasani miaka mingi, na kila mara tulidhani ya kuwa twalijua maana yake. Hata tulipokuwa wageni sisi wenyewe, katika nchi ya mbali, siku ya Pasaka, ndipo tulipoona ya kuwa tulikuwa tukilisema kwa midomo tu. Basi twataka kuwasimulia habari za Pasaka hiyo, na pamoja nazo habari za kosa letu, maana hizo mbili hazitengani.

Tulikuwa walimu wawili wa shule moja. Rafiki yetu mmoja, mwalimu Mreno aliyekaa kwetu miaka miwili, alitualika nyumbani kwa mama yake katika mji wa Braga, ulioko kaskazini mwa Ureno. Tukashuka Porto kwa ndege, tukapanda treni, na baada ya kama saa moja tukafika. Ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu.

Mji huu ni wa kale sana. Warumi waliujenga wakauita Bracara Augusta, kwa jina la Kaisari Augusto, yule yule aliyetoa amri watu waandikwe, siku zile alipozaliwa Bwana wetu. Kanisa kuu la mji liliwekwa wakfu mwaka 1089, nalo ni la kale kuliko ufalme wenyewe wa Ureno. Ndani yake wamezikwa baba na mama wa mfalme wa kwanza. Wareno wakitaka kusema ya kuwa kitu ni cha zamani mno, husema kimezeeka kuliko kanisa kuu la Braga. Lakini mji haukulala katika uzee wake. Katika hesabu ya mwaka 2021 watu wake, pamoja na wale wa vijiji vilivyo chini yake, walikuwa kama 193,000, na barabarani tulisikia watu wa nchi nyingi, hasa Wabrazili.

Mama wa rafiki yetu ni mjane mzee. Alitupokea mlangoni, akatushika mikono, akatuita wanangu, nasi tukamwita Mama. Lugha yake hatukuijua, wala yeye hakuijua yetu, hivyo mwanawe akawa mkalimani. Lakini tulipoketi kula tulicheka sote, maana tuliona ya kuwa baadhi ya maneno yetu yalitoka kwake: meza ni meza, na mvinyo, leso, na bendera ni ndugu wa maneno yao. Kisha tukauliza habari za neno gereza. Rafiki yetu akasita kidogo, akasema, “Latoka katika neno letu la kanisa.” Hapo kicheko kikapungua. Tulijiuliza moyoni, Yalitendeka mambo gani, hata jina la nyumba ya Mungu likawa kwetu jina la nyumba ya wafungwa?

Usiku ule ule tulitoka kutazama maandamano ya kwanza. Watu walipita wamevaa kama Ibrahimu, na Musa, na wafalme wa kale, na nyuma yao ikaja sanamu ya Bikira Mariamu amepanda punda, amempakata Mtoto, wakikimbilia Misri. Wenyeji huyaita kwa jina la yule punda mdogo. Mwenzetu alininong'oneza sikioni, nasi sote wawili tukalifikiri neno hilo usiku kucha: Bwana wetu alipokuwa mkimbizi, alikaribishwa katika bara letu.

Alhamisi Kuu usiku tuliona jambo lililotutisha. Taa za njiani zilikuwa hafifu, watu wamesongamana pande zote mbili, mara tukasikia sauti kavu ya mbao zikigongana, ka-ka-ka-ka. Wakatokea watu wamevaa kanzu nyeusi, wamefunikwa vichwa na nyuso, wamejifunga kamba viunoni, nao hawana viatu. Wengine walichukua miti mirefu yenye vyungu vya chuma vinavyowaka moto, na wengine walizungusha zile mbao. Twakiri ya kuwa wazo letu la kwanza lilikuwa la dharau. Tulisema, Kama wazee wa kwetu wangalifanya hivi, tungaliandikiwa barua tuwakataze. Lakini tulipouliza tukaelezwa ya kuwa hao ni watu wa toba. Wanaficha nyuso ili asijulikane nani tajiri na nani maskini. Na mbao zalia kwa sababu kengele za kanisa hunyamazishwa tangu Alhamisi hiyo mpaka usiku wa Pasaka. Basi tukanyamaza, tukaona aibu kwa kuhukumu kabla ya kuuliza. Aibu hiyo ilikuwa ndogo. Iliyo kubwa ilikuwa bado inatungoja.

Ijumaa Kuu jioni mji wote ulifanya maombolezo. Walichukua jeneza la Bwana katika njia za mji, na watu maelfu walisimama kimya, hata watoto. Hatujapata kuona watu wengi kama wale na kusikia sauti chache kama zile.

Jumamosi rafiki yetu alituchukua nje ya mji mpaka kilima cha Bom Jesus, maana yake Yesu Mwema, ambacho tangu mwaka 2019 kimeandikwa katika urithi wa dunia. Mbele ya kanisa kuna ngazi zinazopanda mlima kwa kupindapinda, na njiani mna vibanda vyenye sanamu za mateso ya Bwana. Katika sehemu moja kuna chemchemi tano za milango mitano ya fahamu, na juu yake chemchemi tatu: ya imani, ya tumaini, na ya upendo. Yaani mtu aanze kwa macho na masikio, amalize kwa upendo.

Huko kuna pia gari linalopanda mlima kwa nguvu ya maji tu, tangu mwaka 1882. Magari ni mawili, yamefungwa katika kamba moja nene. Lile lililo juu hujazwa maji katika tangi lake mpaka likawa zito. Ndipo hushuka, na kwa kushuka kwake humvuta mwenzake apande. Likifika chini humwaga maji, na lile lingine hujazwa kwa zamu yake. Sisi walimu tulifurahi kama watoto, tukachora picha yake katika madaftari yetu ili tuwaonyeshe wanafunzi. Rafiki yetu akasema, “Angalieni, hapandi mmoja asiposhuka mwingine.” Nasi tukaandika na neno hilo.

Jioni ya mkesha tuliketi mezani, rafiki yetu akatoa kitabu cha historia. Akatusomea jinsi Vasco da Gama na watu wake walivyofika pwani yetu mwezi wa Aprili mwaka 1498. Jumapili ya Matawi walikuwa mbele ya Mombasa, wakaletewa kondoo, na machungwa, na ndimu, na miwa. Lakini hapakuwa na kuaminiana, wakaondoka. Hata Jumamosi, mkesha wa Pasaka, jua likishuka, wakatia nanga Malindi, na mfalme wa Malindi akawapokea vema. Maana yake, Pasaka ile walikuwa wageni kwetu, nao walikula kondoo zetu. Lakini mwaka 1505 Wareno wengine walikuja na mizinga, wakaiteka Mombasa na kuichoma moto. Na mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome pale pale. Rafiki yetu alifunga kitabu. Mama yake aliuliza tumesoma nini, naye akamweleza. Mama akafikiri kidogo, akasema, “Basi kesho itakuwa zamu yetu.” Hatukuelewa alilokusudia.

Siku ya Pasaka asubuhi tuliamka tukamkuta Mama amepiga magoti kizingitini, anatandaza maua na majani mabichi toka mlangoni mpaka njiani. Rafiki yetu akatueleza: Siku hii msalaba hutolewa kanisani, ukapelekwa nyumba kwa nyumba kuwapa watu habari ya Ufufuo. Wenye kutaka upite kwao huweka maua mlangoni, nao wachukuao msalaba wakiona maua hujua ya kuwa nyumba hiyo yawangoja.

Sisi si wa Kanisa la Roma, na jambo hili tuliliona kuwa la nyumba yao na ibada yao. Basi tukavaa viatu, tukasema tutakwenda kutembea mjini mpaka msalaba upite. Mama alipotafsiriwa neno hilo alisimama katikati ya mlango, amejaza mikono maua, akatikisa kichwa. Akasema, “Nyumba hii leo ina watu wanne. Msalaba hauji kwa watu wawili.”

Tukangoja. Kwa mbali tukasikia kengele ndogo, ikikaribia nyumba moja baada ya nyingine. Mara wakaingia watu watano wamevaa majoho mekundu. Aliyetangulia alikuwa mwanamke, maana mapadre ni wachache na nyumba ni nyingi. Mkononi alichukua msalaba uliopambwa maua. Akatangaza ya kuwa Bwana amefufuka, wakanyunyiza maji, wakasali kwa ajili ya wote waliomo na wale wa jamaa waliokufa. Kisha akaupeleka msalaba kwa mwenye nyumba aubusu kwanza. Yule mjane akarudi nyuma hatua moja, akatuonyesha sisi. Hakuna aliyetuuliza tu wa dhehebu gani, wala tumetoka na barua gani. Tukaubusu. Ndipo yeye akabusu baada yetu, na mwanawe mwisho. Wageni wakapewa keki ya mayai na lozi za sukari na mvinyo kidogo, wakaondoka, na kengele ikaendelea njiani.

Tulipokaa kula nyama ya mwana-mbuzi, Mama alituuliza, “Na kwenu, siku ya Pasaka nani huja mlangoni?” Tukajibu kwa furaha ya kuwa sisi walimu pamoja na wazee wa kanisa huondoka alfajiri, tukapita nyumba za Wakristo wote tukiimba, mpaka jua lichomoze. Akafurahi sana. Kisha akauliza, pasipo hila yo yote, “Hakuna nyumba mnayoipita?”

Ndugu wasomaji, tulitazamana tusiweze kujibu. Maana nyumba ilikuwapo. Mwaka uliotangulia jamaa moja walihamia kijijini kwetu kutoka mbali, mume na mke na watoto watatu, nao wakajitaja kuwa Wakristo. Lakini barua ya kanisa walikotoka haikuwa imefika, na desturi yetu ni kwamba asiye na barua haandikwi. Daftari lilikuwa mikononi mwetu. Alfajiri ya Pasaka tulipoimba tukakaribia nyumba yao, tuliona uwanja umefagiliwa, mkeka umetandikwa, na kibuyu cha maua ya mwituni kimewekwa mlangoni. Mtoto wao mkubwa, mwanafunzi wetu, alikuwa amesimama kando ya mkeka amevaa nguo safi. Mzee mmoja akauliza, “Na hawa?” Sisi ndio tuliojibu, “Bado hawajaandikwa.” Tukapita tukiimba, wala hatukupunguza sauti. Siku ya shule ilipofika yule mtoto alituamkia kwa adabu kama siku zote, nasi tukasahau.

Hayo yote tulimweleza Mama. Hakutulaumu. Alisema tu, “Basi maua yao yalinyauka,” akasimama kuondoa sahani. Neno lile lilituchoma kuliko karipio la askofu. Tulikuwa tumevuka bahari tukapokewa bila barua, nasi tulikuwa tumeshindwa kuvuka uwanja mmoja uliofagiliwa.

Tuliporudi nyumbani, siku ya pili yake tulikwenda kubisha hodi katika nyumba ile. Mke wa yule bwana alitoka, akatutazama, akasema kwa upole, “Karibuni, walimu. Pasaka ile tulidhani mmepotea njia.” Tukamjibu, “Ndiyo, mama. Tulipotea.” Akatuletea viti. Hatukusema mengi; tuliomba msamaha, na mumewe alipotoka shambani tukaomba tena mbele yake. Naye alituambia ya kuwa siku ile mtoto alikaa pale mkekani mpaka jua likawa kali, akisema huenda tutarudi kwa njia ile ile.

Pasaka iliyofuata barua ilikuwa haijafika. Tuliwaendea wazee wa kanisa, tukawaeleza habari zote, wakakubali kwamba kuandikwa daftarini ni jambo moja, na kupelekewa habari ya Ufufuo ni jambo jingine. Basi alfajiri hiyo wimbo wetu ulianzia katika uwanja wa nyumba ile, na yule mtoto ndiye aliyechukua taa mbele yetu.

Wasomaji wapenzi, twajua ya kuwa kila kijiji kina daftari lake, na daftari ni kitu chema. Lakini Pasaka itakapokaribia, tembeeni kwanza kijijini mtazame. Pengine uko uwanja uliofagiliwa, na mkeka uliotandikwa, na mtu asimamaye akisikiliza kama sauti za waimbaji zinakuja au zinakwenda.